Ukishavuka Ziwa

Saluni yangu iko ubavuni mwa uzio wa uwanja wa ndege. Ndege ikitua, vioo vyangu vinatetemeka na chupa za shampuu zinagongana kwenye rafu. Mteja mgeni hushtuka, wa siku zote hainui hata shingo. Mimi nilikuwa nasubiri mtetemeko mmoja tu, ule wa Jumamosi kabla ya adhuhuri, wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Ndani ya ndege hiyo alikuwemo Chiriku, binti wa mdogo wangu wa kiume. Ana miaka tisa na anasafiri peke yake, kadi ya plastiki shingoni kama kifurushi.

Tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Akishuka kwenye ngazi za ndege tayari anaongea, na akilala usiku bado kuna sentensi imebaki.

Alikuwa akiletwa na ndege kwa sababu wifi yangu alihama. Nasema wifi yangu ingawa ndoa imeshavunjwa na hajawahi kunifurahisha, tangu siku ya kwanza alipokuja nyumbani akachungulia chini ya kitanda cha mama yetu kuangalia vumbi. Talaka imemtoa nyumbani, haijamtoa kwenye ulimi wangu. Ni mfamasia. Anapima kila kitu, dawa, chumvi, hata salamu. Walipoachana alitafuta kazi katika mji mwingine kabisa, akamchukua mtoto, akasema huko kuna hospitali nzuri. Uongo mtupu. Alikuwa anatukimbia sisi.

"Wala si mbali, Wifi," aliniambia siku anafunga masanduku. "Kwa ndege hata saa moja haifiki."

Maneno hayo nimeyameza na hadi leo hayajashuka. Kwa gari ni kutwa nzima ya malori na mashimo. Lakini yeye alitamka "hata saa moja" kama mtu anayekwenda dukani kununua sabuni.

Mahakama ilimpa mdogo wangu Jumamosi na Jumapili, kila baada ya wiki mbili. Ungedhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza wanakunja mikono ya mashati. Walianza kugombea muda wa njiani. Wifi alisema Jumamosi ya baba inaanza pale yeye anapomkabidhi mtoto uwanjani kwake. Mdogo wangu akasema inaanza pale anapomshika mkono uwanjani kwetu. Zile dakika za angani kila mmoja alimbandika mwenzake, na Jumapili jioni, wakati wa kurudi, kila mmoja alizitaka ziwe zake. Watu wazima wawili, mmoja fundi wa mafriji na mwingine mfamasia, wakarudi kwa hakimu kugombea hewa.

Nilikuwepo. Nilifunga saluni makusudi ili niende nikamkodolee macho wifi. Kila mmoja alikuja na karatasi aliyochapisha kutoka mtandaoni, umbali na muda kati ya viwanja hivyo hivyo viwili. Karatasi ya mdogo wangu ilipima mstari ulionyooka na ndege inayokwenda kasi moja tangu inanyanyuka hadi inagusa ardhi. Ya wifi iliongeza kuzungukazunguka chini, kupanda polepole na kungoja zamu ya kutua. Kilomita zililingana, muda ukapishana kama mchana na usiku. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, aliziweka karatasi sambamba mezani akazitazama.

"Hizi ni ndege za dunia moja?" aliuliza.

Halafu akaamua. Nusu ya safari ni ya mama, nusu ni ya baba. Safari ikikatikia nusu ya mama, baba atafidiwa wikendi nyingine. Ikikatikia nusu ya baba, wikendi yake imeliwa, asije kulia. Akashusha miwani, akaita kesi inayofuata. Tulitoka nje kila upande umevimba kwa ushindi. Mimi nilimpita wifi mlangoni bila kumuaga, na nilisikia raha.

Sasa, katikati ya safari ile kuna ziwa. Linaonekana dirishani, refu na jembamba, na wanaosafiri njia ile wanajua kwamba ukiliona umefika nusu. Wifi akamfundisha mtoto, "Ukishavuka ziwa, uko kwa baba yako." Angeishia hapo ningenyamaza. Lakini kulikuwa na suala la sweta. Ndani ya ndege kuna baridi, kwa hiyo Chiriku alikuwa akija na sweta la bluu ambalo mama yake alimnunulia. Safari moja lilibaki kwetu kwenye kamba ya nguo. Wifi alituandikia ujumbe mrefu kana kwamba tumevunja duka la watu. Baada ya hapo akatoa amri kwamba mtoto akishavuka ziwa alivue sweta, alikunje, alitie begini, lisikanyage kwetu.

Ngoja nikuambie nilichofanya. Nilikwenda kununua sweta jekundu, jekundu la kuumiza macho, nikamwambia Chiriku, "La bluu ukilivua, vaa hili. Ushuke ngazi kila mtu aone wewe ni wa kwetu." Halafu nikampiga picha akiwa amelivaa na kuhakikisha imemfikia mama yake.

Mtoto alitii kote kuwili. Alikuwa akinisimulia huku namchana nywele. "Shangazi, leo mawingu yamefunika ziwa lote! Ikabidi nimuulize yule dada wa kwenye ndege, akasema bado, nikangoja, nikamuuliza tena, akasema tayari, nikavua nikavaa haraka haraka, yule mzee wa pembeni akacheka." Mimi pia nilicheka.

Jumamosi ninayotaka kuisema, vioo havikutetemeka.

Kiti changu alikuwa amekalia mke wa mwenye duka la saruji. Nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama kichaka. Saa ya ndege ikafika, ikapita. Nikatoa kichwa dirishani, anga tupu. Baadaye mdogo wangu akaingia mbio kutoka uwanjani, mikono bado ina grisi ya friji alilokuwa akilitengeneza asubuhi.

"Ndege ya mizigo imepasuka matairi katikati ya barabara ya kurukia," alisema. "Imeziba yote. Ndege ya Chiriku imeambiwa isije. Imezunguka weee, mwisho imeshuka kwenye kile kiwanja kidogo cha kando ya ziwa."

"Mtoto yuko salama?"

"Salama kabisa. Abiria wanaletwa kwa basi. Yeye hawawezi kumpandisha basi, wanamtoa kwa mzazi tu, kwa sahihi."

"Basi twende."

"Ngoja, Dada." Na hapo nikaona uso wake. Ni uso aliokuwa nao utotoni akikamata karata ya mwisho. Akatoa simu, akaweka kidole chenye grisi kwenye ramani. "Kiwanja kiko ufuko wa kwake. Tazama kilomita. Kutoka kwake hadi pale ni pungufu kuliko kutoka pale hadi kwetu. Hajafika nusu! Safari imekatikia kwake. Akamchukue mwenyewe, na mimi nafidiwa wikendi."

Nilipiga makofi. Kweli, nilipiga makofi hadi chanuo likaanguka. Nilikuwa nimeona kichwani picha ya wifi akiendesha gari njia nzima ile ya mashimo na midomo aliyoibana, na picha hiyo ilinipendeza kuliko chakula.

Akampigia, akaweka sauti ya wazi. Nyuma ya wifi zilisikika sauti za wagonjwa wakiita namba zao.

"Nimeshapigiwa," wifi alisema kabla hajasalimiwa. "Unangoja nini? Nenda kamchukue mwanao."

"Nenda wewe. Yuko nusu yako. Pima kilomita."

"Kilomita za nini? Mtoto hasafiri kwa rula. Ndege imeondoka hapa saa nne na robo, imetua pale karibu na saa tano na robo. Safari nzima kwa kawaida haifiki saa moja. Nusu ilishapita zamani. Yuko kwako, na Jumamosi yako imeliwa."

"Ilikuwa inazunguka!"

"Kuzunguka ni kusafiri."

"Kuzunguka ni kuzunguka! Haikusogea!"

"Alikuwa ardhini? Hakuwa ardhini. Alikuwa safarini. Hakimu alisema nusu ya safari, hakusema nusu ya kilomita."

"Wala hakusema nusu ya muda!"

Sikuweza kujizuia. "Wifi," nilidakia, "hata mtoto wako unampimia kwa kijiko cha dawa?"

"Wifi," akanijibu, sauti tamu ya kukata maini, "wewe suka nywele."

"Nasuka, na nywele zangu hazijakimbia ndoa."

"Zingeolewa na nani?"

Mdogo wangu akanipungia mkono ninyamaze. Wakaendelea. Mdogo wangu alisema atakwenda mahakamani. Wifi akasema yeye atatangulia kufika. Neno walilokubaliana lilikuwa moja tu, kwamba atakayetia sahihi pale kiwanjani ndiye atakuwa amekiri kwamba nusu ilikuwa yake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anakwenda.

"Na mtoto yuko na nani saa hizi?" aliuliza mke wa mwenye duka la saruji kutoka kitini.

"Geuza kichwa," nilimwambia, nikamgeuza mwenyewe.

Ilikwenda hivyo mpaka adhuhuri ikapita, simu ikikatwa na kupigwa tena. Mdogo wangu alichapisha ramani kwenye duka la jirani. Wifi akatuma picha ya saa ya kuondoka na saa ya kutua, amezizungushia duara. Mimi nilikuwa nasuka na kutia petroli kwenye moto wao, nasuka na kutia petroli. Wateja wawili walichoka wakaondoka.

Halafu ikaingia simu ya namba ngeni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka lakini ya adabu.

"Mimi ni mhudumu wa kiwanja cha ziwani. Nina mtoto wenu hapa. Hajambo, ila amekataa chakula. Na hapa kwetu mchana upepo wa ziwani ni mkali, anatetemeka, na amekataa kuvaa sweta."

"Mwambie avae," mdogo wangu alisema.

"Nimemwambia. Anasema anayo mawili, nimuulize baba yake. Avae lipi?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Niliona kabisa jibu linakuja, halafu likasimama. Alinitazama mimi, akatazama ramani iliyokuwa juu ya mashine ya kukaushia nywele, akatazama simu.

"Ngoja nitakupigia," alisema, akakata.

Mteja wangu alinitazama kupitia kioo. Sijui kwa nini ilikuwa hapo na si kabla. Hasira ilinipanda, kali, na haikuwa ya wifi peke yake.

"Leta funguo," nilisema.

"Dada, nikienda nimeku..."

"Leta funguo za gari kabla sijakupiga na hili chanuo mbele ya mke wa mtu!"

Nilivua aproni. Mteja wangu, Mungu ampe heri, alijifunga kitambaa juu ya nusu ya kichwa iliyobaki, akasema nimwite nikirudi. Mdogo wangu akaingia kwenye pikapu shingo upande, nyuma kuna friji la mtu tulilosahau kulishusha, linagonga kila shimo.

"Nakwenda," alisema tulipotoka mjini. "Lakini sisaini."

Simu yake ikalia ujumbe. Nikausoma mimi kwa kuwa yeye alishika usukani. Ulikuwa wa wifi. "Natoka sasa hivi. Lakini sisaini." Tangu waachane walikuwa hawajawahi kukubaliana neno kwa neno namna ile. Nilimsomea kwa sauti, na wala hakuona cha kuonea haya.

Njiani tuligombana. Nilimwambia ana kichwa cha mbao. Akaniuliza nani alipiga makofi. Nikamwambia anyamaze aangalie barabara. Tulipokuwa tumeimaliza nusu ya njia tulipishana na basi la shirika la ndege likija mjini, limejaa wale abiria, watu wamesinzia vichwa vimeegemea vioo, mzee mmoja anakula ndizi. Wote walikuwa wanakaribia kwao. Sisi ndio kwanza tunakwenda.

Kiwanja cha ziwani ni chumba kimoja, mzani wa mizigo, meza na benchi la mbao chini ya dirisha lisilofunga vizuri. Nje ndege yetu imeegeshwa peke yake kwenye lami, na nyuma yake ziwa lina mawimbi madogo ya kijivu. Upepo uliingia chini ya mlango ukatupiga miguuni. Mhudumu, dada mmoja mwembamba aliyevaa koti la kazi la bluu iliyokoza lenye beji kifuani, alisimama tulipoingia.

Chiriku alikuwa kwenye benchi. Gauni la mikono mifupi, vinyweleo vimesimama mikononi, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Masweta yote mawili yalikuwa mapajani, yamekunjwa vizuri, la bluu juu ya goti hili, jekundu juu ya goti lile. Alitutazama bila kuinuka.

"Mama wee," nilisema, nikapiga magoti mbele yake. "Kwa nini hukuvaa?"

"Sikujua tuko wapi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tulivuka ziwa nikavaa jekundu. Halafu ndege ikageuka, tukavuka tena kurudi, nikavaa la bluu. Halafu ikageuka tena. Nikavaa, nikavua, nikavaa, nikavua. Yule dada akasema tulia mtoto. Halafu tukashuka. Hapa nimewauliza, wamesema hapa ni ziwani tu."

Nilimshika mikono nikaanza kuisugua.

Mdogo wangu alikuja karibu. Anampenda mtoto yule, nisimsingizie. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alinyoosha mkono akashika sweta jekundu, akalinyanyua kutoka kwenye goti. Kisha akamwona mhudumu pale mezani, ameshika kalamu, anamtazama. Mkono ukasimama hewani. Taratibu akalirudisha sweta pale pale lilipokuwa, akalinyoosha mkunjo, na mkono ukaingia mfukoni.

Chiriku aliufuata mkono ule kwa macho mpaka ulipozama.

"Hivi wewe ni mtu?" nilimwambia mdogo wangu. "Hivi wewe ni mtu kweli?"

"Nikimvika jekundu atasema nimekubali, Dada. Unamjua alivyo."

Wifi aliingia wakati huo huo, bado amevaa koti jeupe la kazini, vumbi hadi kwenye nyusi. Alipita kana kwamba mimi ni nguzo. Alimwita mwanawe kwa jina lake halisi, akamshika mashavu, akasema, "Umekuwa barafu!" Akachukua la bluu, akalikunjua, akatafuta shingo. Na ghafla akageuka kumtazama mdogo wangu.

"Mbona wewe hujamvika?"

"Mvike wewe. Umeshalishika."

"Ahaa." Akalishusha. "Ndiyo mtego huo. Nimvike la bluu, halafu Jumatatu uje na wakili wako useme nilikiri."

"Kwa kilomita..."

"Kwa muda..."

Wakaanza. Juu ya kichwa cha mtoto, mmoja upande huu wa benchi, mwingine upande ule, ramani ikatolewa, picha ya saa ikatolewa. Niliwatukana. Nilianza na wifi kwa mazoea, nikahamia kwa mdogo wangu, na nilipomaliza wote wawili hasira ilikuwa bado imenijaa mdomoni, sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Basi nikalinyakua sweta jekundu mwenyewe.

"Inua mikono, mwanangu. Achana nao. Shangazi anakuvika."

Hakuinua mikono. Alilisukuma sweta, si kwa nguvu, kwa vidole viwili tu.

"Hilo la kwenu, Shangazi," alisema.

Nimepigwa kofi mara chache maishani mwangu. Hakuna lililoniingia kama vile vidole viwili. Nilibaki nimepiga magoti na sweta mkononi, sweta nililolinunua mimi, kwa ajili ya macho ya mama yake.

Mhudumu alizunguka meza. Hakuuliza nusu ni ya nani. Alivua koti lake, akamzungushia Chiriku mabegani na kumfunga kifungo cha juu, kama mtu anayefunika chungu kisipoe. Mtoto aliingiza mikono kwenye mikono ya koti mwenyewe, haraka, na mwili wake wote ukaanza kutetemeka sasa, baridi yote iliyokuwa imejificha ikatoka.

"Dada," Chiriku alimuuliza. "Wewe kwenu upande gani wa ziwa?"

"Ng'ambo kule. Asubuhi navuka kuja kazini, jioni navuka kurudi."

"Ukivuka unakuwa wa nani?"

Mhudumu alicheka. Halafu akatutazama sisi watatu, kicheko kikamwisha.

"Nakuwa yule yule tu," alisema. "Sibadiliki."

Chiriku alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza.

Wifi alikuwa wa kwanza kuvunjika. Aliketi kwenye mzani wa mizigo, akafunika uso, na mabega yakaanza kumcheza. Mshale wa mzani ukapanda na kuyumba. Sikumcheka, ingawa wiki moja kabla ningemcheka. Mdogo wangu alikwenda mezani, akaitia sahihi karatasi ya kukabidhiwa mtoto bila kuisoma. Wifi akainuka, akamnyang'anya kalamu, akatia yake pembeni, juu ya mstari ule ule. Mhudumu akasema karatasi ile haijawahi kuwa na sahihi mbili, lakini aliigonga muhuri.

Tukatoka nje. Pikapu yetu yenye friji iliegeshwa kushoto, gari dogo la wifi kulia, katikati lami tupu na upepo. Chiriku alitangulia, koti la mtu linamfika chini ya magoti, begi mgongoni. Masweta aliyaacha kwenye benchi, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Nenda na mama yako," mdogo wangu alisema kwa upole. "Umechoka. Mimi sidai wikendi hii."

"Hapana," alisema wifi, naye kwa upole, mara ya kwanza nasikia upole wake. "Nenda na baba yako. Ni siku yake. Wala sitahesabu."

"Nenda na mama."

"Nenda na baba, mwanangu."

Walimaanisha wema, naapa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mtoto nikiwasikia kama alivyowasikia yeye, na yalikuwa maneno yale yale ya tangu asubuhi. Nenda kwake. Nenda kwake.

"Chagua wewe, mwanangu," nilimwambia mwishowe. "Unapanda gari lipi?"

Alitazama la kushoto, akatazama la kulia. Halafu akainamisha kichwa, akaanza kufungua kifungo cha koti ili amrudishie mhudumu aliyesimama mlangoni.

"Lolote," alisema.

Akapanda letu, kwa sababu lilikuwa hatua mbili karibu zaidi. Aliketi katikati yetu, macho mbele, friji linagonga nyuma, na njia nzima hadi nyumbani hakusema neno jingine.